Niliiombea Bahari Ichafuke

Watu wakisikia kwamba niliwahi kufanya kazi ya upepo wa bahari nikiwa Kampala, hucheka. Kampala na bahari wapi na wapi! Wacheke tu. Hata mimi nilicheka siku niliyopewa barua ya uhamisho. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mtoto wa muuza vitumbua, na nilipoajiriwa katika hali ya hewa nilijua nitazeekea pale pale bandarini. Lakini miaka ile idara ilikuwa ya nchi tatu kwa pamoja, na mfanyakazi alirushwa kokote walikotaka wakubwa. Mimi nikarushwa Kampala, nikapanga chumba Kamwokya, nikajifunza kula matoke na kunyamaza.

Kunyamaza ndiko kulikonitesa. Nina mdomo, sikatai, na wanaonijua wanajua. Lakini katika utawala ule wa wanajeshi hata mimi niliufunga.

Kazi yangu ilikuwa kuchora. Ofisini palikuwa na teleprinta, mashine ya kupokea maandishi kwa waya, na kutwa nzima ilitema karatasi kutoka Nairobi. Karatasi yenyewe haikuwa na neno hata moja, ni tarakimu tu, tano tano, mstari baada ya mstari. Kila mstari ni kituo kimoja cha nchi kavu, au meli moja iliyoko baharini, inasema: niko hapa, upepo unatoka huku, nguvu yake hii, mawimbi yana kimo hiki, naelekea kule kwa mwendo huu. Mimi nilikaa mbele ya ramani kubwa iliyofika mpaka Bombay, peni mbili mkononi, ya wino mweusi na ya wino mwekundu, nikazigeuza tarakimu zile kuwa alama. Upepo ni kijiti chenye vinyoya. Kinyoya kimoja, mabaharia wamekaa sitahani wanacheza karata. Vinne, hakuna anayekula chakula kikakaa tumboni.

Mgeni akiuliza Kampala inataka nini na mawimbi ya Bahari ya Hindi, mkubwa wetu wa kazi alimjibu kwamba mvua ya huku hupikwa kule. Ni kweli, na jibu hilo lilitosha kunipa mshahara.

Sasa, mume wangu alikuwa mtu wa redio katika meli ya mizigo, Mombasa na Bombay, Bombay na Mombasa. Ile taarifa ya hewa ya meli yao, yeye ndiye aliyeigonga kwa nukta na vistari ikafika pwani, pwani wakaipeleka Nairobi, Nairobi wakatutumia sisi. Kila meli ina herufi zake za kujitambulisha. Za meli yake nilizijua kuliko namba ya kitambulisho changu. Basi kila siku, asubuhi na alasiri, mume wangu alikuwa akinifikia mezani kwa tarakimu. Leo yuko kusini mwa Socotra, upepo umemkabili, mvua, mawimbi. Niliweza kukwambia kama usiku amelala au hakulala. Wake wa mabaharia wenzangu kule Mombasa walikaa miezi hawajui kitu, na mimi niliyetupwa bara, siku mbili mbali na maji ya chumvi, nilijua upepo unamvuma sikio gani.

Lakini mlango ule ulifunguka upande mmoja tu. Yeye alisema, mimi nikasikia. Mimi sikuwa na pa kusemea. Na hata yeye hakuwa na nafasi ya kuweka neno lake. Taarifa ya hewa ni ya hewa. "Hujambo" haina tarakimu.

Barua yake ya mwisho niliipata mwezi wa sita. Alikuwa ameiandika Bombay, wakati maneno kati ya Uganda na Kenya yalikwisha anza kuchacha. Aliandika: "Nikishuka tu Mombasa, siku hiyo hiyo napanda treni nije kukuchukua. Usithubutu kusafiri peke yako. Nisubiri." Nilicheka kwa furaha nikaibusu ile karatasi. Mume wangu akisema amesema. Ukimwambia mlango umefungwa, ataingilia dirishani.

Mwezi wa saba mambo yakaharibika kabisa. Siasa yake sitaieleza, wenye kuijua wapo. Kwetu sisi Wakenya wa Kampala ilikuwa hivi: Jumatatu fundi cherehani wa mtaani kwetu, mtu wa Kisumu, alikuwepo. Jumanne cherehani ilikuwepo, yeye hayupo. Gari lilikuja mchana kweupe, watu wananunua mkaa, likamchukua likaenda zake. Hakuna aliyeuliza. Mwenye mkaa aliendelea kupima mkaa wake, na mimi niliendelea kushika kikapu changu kama sina macho. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Mwanamke, angalau, askari waliweza kumpita. Mwanamume wa Kenya anayeingia kutoka mpakani na kitambulisho chake, begi la baharia begani na kiburi cha pwani mdomoni, huyo asingefika Jinja. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Na huyo ndiye aliyekuwa njiani, anakuja kunichukua.

Jamani, ningemwambiaje? Simu ya Kenya ulimwomba opereta, opereta naye alimwomba mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hutaki ajue kwamba wewe upo duniani. Telegramu ilisomwa. Zamani tulikuwa tukiongea na wenzetu wa Nairobi kwa teleprinta hiyo hiyo, baada ya kazi, habari za watoto na nani kaolewa. Sasa wakaleta askari akae pale chumbani, kiti chake kando ya mashine kabisa, asome kila kinachoingia na kinachotoka.

Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Alikuwa mtu mzima kutoka kaskazini, ana watoto, miguu inamuuma. Siku ya kwanza alikunja uso mbele ya zile karatasi mpaka nikamwonea huruma.

"Mama, hii namba yote nasema nini?"

"Upepo, afande."

"Upepo tu?"

"Upepo na mawimbi."

"Kazi yote hii ya upepo!" Akacheka, akavua kiatu. "Mimi nafikili siri ya serikali."

Alizoea. Akawa ananiuliza kila asubuhi, "Mama, leo bahari namna gani?" Nami namwambia imetulia, au imechafuka. Sikumwambia kwamba kijiti kimoja katika vile ni mume wangu. Kama ningemwomba aniache nigonge maneno matano tu ya Nairobi, pengine angekubali. Pengine pia angekwenda kuuliza wakubwa wake kama inafaa. Nilimtazama siku nne nikitafuta ujasiri, sikuupata.

Kilichobaki kilikuwa kusi, ule upepo wa kusini. Mwezi wa saba kusi huvuma kwa nguvu zake zote, na meli inayotoka Bombay kuja kwetu hulipokea usoni. Manahodha huteremka kwanza kusini, wavuke ikweta, ndipo wageuke kuelekea pwani, wasivunjiwe vyombo. Safari hurefuka. Basi nikaanza kuomba lirefushe zaidi. Mungu nisamehe, nilipiga magoti kando ya kitanda changu Kamwokya nikaiombea bahari ichafuke. Mke gani anamwombea mumewe mawimbi? Nilisema, Bwana, usimzamishe, mcheleweshe tu. Asubuhi nikifika kazini na kukuta vinyoya vinne kwenye kijiti chake, moyo unafurahi, halafu namwona amejishikilia meza yake ya redio asianguke, natamani kulia. Nilichora hivyo hivyo, nikachanganya wino mweusi na mwekundu, na askari akaniuliza kama nina malaria.

Mtu pekee niliyemwambia ni jirani yangu. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta wa matofali ambao ulipitisha hata kikohozi. Mumewe alikuwa polisi kutoka kaskazini, Mwislamu. Yeye mwenyewe mtu wa Tororo, Mkristo, na ndugu zake wamekaa pande zote mbili za mpaka, huku shangazi, kule mama mdogo. Alikuwa akivuka kama mtu anayekwenda msalani. Nilipomaliza kumweleza, hakunipa pole hata moja.

"Nyabo," alisema, yaani mama kwa Kiganda, "mimi nakwenda. Nakwenda mpaka Mombasa. Nasema na yeye kwa mudomo. Nasema nini?"

Nikamfundisha la kusema, maana barua mwilini ilikuwa kifo. Amwambie asije. Abaki Mombasa. Mwisho wa mwezi nitapita na jirani huyu huyu kwa njia ya ndugu zake, nivuke mwenyewe. Na ili amwamini, amwambie jina la utani ambalo mama yangu alimwita siku alipokuja kuposa. Jina hilo silisemi hapa.

Hiyo ilikuwa Jumatano jioni. Alasiri ile ile nilikuwa nimepokea taarifa ya meli yake, na baada yake waya wa Nairobi ukafa. Kufa ilikuwa kawaida yake siku zile, siku tatu, siku nne, mashine inakaa kimya na askari anasinzia. Lakini tarakimu za mwisho nilikuwa nazo. Walikwisha vuka ikweta, wamegeuka, pua inaelekea Mombasa, mwendo wa kobe, upepo ungali mkali ubavuni na mawimbi yanawapiga. Nilichukua bikari ya ofisini nikapima ramani mara tatu. Kwa mwendo ule, meli haiwezi kufika kabla ya Jumapili usiku. Pengine Jumatatu.

Na safari zilikuwa mbili. Kulikuwa na gari la abiria Alhamisi alfajiri, gari la kawaida, lingekaguliwa kila kizuizi. Wiki iliyopita wanawake wawili waliteremshwa humo msituni, wakarudi siku ya tatu hawataki kuongea na mtu. Halafu kulikuwa na Ijumaa. Ijumaa watu wa kanisa walikuwa wanasafirisha maiti ya mzee mmoja kumpeleka kwao Tororo kuzikwa, na maiti, hata utawala ule, ilikuwa na heshima yake. Jeneza likiwa juu ya lori na wanawake wanaimba, askari wa kizuizi alifungua njia bila kuuliza, wengine walivua kofia. Anayesafiri na msiba alifika. Watu wengi waliokolewa na marehemu wasiowajua.

Jirani yangu alitaka Alhamisi. Alikwisha funga kitambaa chake cha chakula.

"Ngoja Ijumaa," nikamwambia.

"Mimi siogopi gali."

"Mimi nakuogopea. Una watoto wanne. Na haraka haraka haina baraka."

"Wewe mwenyewe nafundisha mimi, ngoja ngoja naumiza tumbo!"

Tulicheka, wallahi tulicheka, wanawake wawili katika chumba cha futi kumi. Kisha nikamwambia kwa ile sauti yangu ya kujua: "Shoga, mimi bahari naisoma kila siku. Nimepima. Ukitoka Ijumaa, Jumapili asubuhi uko Mombasa, na yeye bado yumo majini. Utamngoja wewe, si yeye akungoje." Alinitazama. Hakuwahi kuiona bahari maishani mwake. Akafungua kile kitambaa, akawapa watoto mihogo ile wakala.

Ijumaa aliondoka. Nilisimama kando ya barabara na wapita njia wengine, lori likapita, jeneza limefunikwa shuka jeupe, na yeye ameketi miongoni mwa waombolezaji, kanga kichwani, analia kuliko wafiwa wenyewe. Hodari yule! Nilirudi nyumbani nimetulia kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze nilikula sahani nzima.

Jumamosi na Jumapili sina la kusimulia. Nilifua. Nilikwenda kanisani, wakatuombea tulindwe, nami nikaongeza ombi langu la mawimbi kimya kimya. Mume wa jirani alipika uji wa watoto ukaungua, nikawapikia mwingine. Hakuniuliza mkewe yuko wapi, na mimi sikumwambia. Nadhani alijua, na alikuwa akinisaidia kwa njia ya askari polisi, yaani kwa kutojua.

Jumatatu waya ukafufuka. Teleprinta ilipiga kelele chumba kizima, askari akaruka kitini. Nilisimama juu ya ile karatasi nikaisoma kabla haijakatika. Meli ya Kigiriki ipo. Meli ya mafuta ipo. Nyingine ya Karachi ipo. Herufi za meli ya mume wangu hazimo. Nikasoma tena, hazimo.

Mtu mwingine angeshika kichwa. Mimi nilifurahi. Meli ikiwa bandarini haitumi taarifa, hiyo ndiyo kanuni, kwa sababu bandari ina kituo chake na hakuna anayehitaji upepo wake. Ametia nanga, basi. Amefika jana usiku au leo alfajiri, kama nilivyopima, na amemkuta mwanamke wa Tororo amesimama langoni na jina lake la utani mdomoni. Nilimwona anashtuka, anacheka, anamuuliza na hali yangu. Nilichora ramani ile nikiimba puani.

"Leo mama nacheka," askari alisema.

"Bahari imetulia, afande."

Jumatatu nzima nilikuwa na furaha. Na Jumanne. Nataka niiseme wazi furaha hiyo, kwa sababu ndiyo inayonichoma kuliko yote. Nilinunua nusu ratili ya sukari ya magendo nimwekee jirani akirudi. Nilipiga deki chumba. Nilimsamehe mume wangu ukaidi wake, na yeye nikamwomba radhi kwa yale mawimbi.

Jirani alirudi Jumatano, saa kumi jioni, ana vumbi mpaka kwenye kope. Hakuingia kwake kwanza, wala hakuwaita watoto. Alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu, anatabasamu, akanipita kwa macho juu ya bega langu, akachungulia ndani.

"Bwana iko wapi?" akaniuliza. "Nalala?"

Sikumwelewa. Nikamwuliza bwana yupi.

"Bwana yako. Mimi nafika Jumapili asubuhi, natafuta meli, watu ya bandari nasema meli nafika Jumamosi asubuhi. Nasema yeye nashuka, hakula hata chakula, jioni napanda treni. Wenzake nashika mukono yake, nasema usiende, kule naua watu. Yeye nasema bibi yangu iko kule." Alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa linachoka. "Mimi nasema basi, nimechelewa, lakini yeye nafika nyumbani Jumatatu. Mimi nakuja kuona yeye."

Treni ya kupanda na ya kushuka hupishana njiani. Usiku wa Jumamosi yeye na jirani walipishana.

"Jumamosi?" nilisema. "Haiwezekani. Nilipima."

"Wanasema maji nasukuma wao. Iko mto ndani ya bahari, nakimbia upande ya Mombasa. Wenzake nacheka, nasema safari hii bahari nabeba wao kama mutoto."

Mkondo. Upepo niliuhesabu, mawimbi niliyahesabu. Mkondo wa maji hauna kijiti, hauna kinyoya, sisi watu wa hewa hatuuchori, na mimi mtoto wa Mombasa, ninayejua tangu utotoni kwamba maji hukimbia, nilikaa mbele ya ramani na bikari nikasahau kwamba chini ya upepo kuna maji. Angetoka Alhamisi, angekuwa langoni Jumamosi asubuhi. Gari lile la Alhamisi, nilikuja kusikia, lilipita vizuizi vyote bila mtu kuguswa.

Hapakuwa na mahali pa kwenda kuuliza. Kituo cha polisi? Mume wa jirani aliuliza kwa siri, kwa wenzake wa njia ya Jinja, akarudi akaniambia nisimtume tena. Niliendelea kwenda kazini. Kesho yake tu nilikwenda, kwa sababu asiyekwenda aliulizwa kwa nini, na askari akaniuliza bahari namna gani, nikamjibu.

Lakini jioni ile ya Jumatano nilikuwa bado sijayapanga yote haya kichwani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na jirani yangu, aliyevuka nchi mbili kwa ajili yangu, alikuwa bado ananyoosha shingo kukitazama kitanda nyuma yangu, kama kwamba mtu mzima anaweza kujificha katika chumba cha futi kumi.

"Nyabo," alisema, "yeye naenda dukani kidogo? Nakuja sasa hivi?"

Nikamwambia, "Ingia, mama. Kaa. Hakuja."